Theluji imeshuka mpaka Mawenzi: tupande Kilimanjaro sasa hivi au tusubiri?

Nasra_Sakina

Habari zenu wadau wa mlima. Tuko watu sita hapa Arusha, wote tumeshapanda Meru mpaka kileleni, na sasa tunataka Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Lengo letu kubwa ni kuikanyaga theluji yenyewe, siyo kuiona kwa mbali. Tangu juzi Kibo, kile kilele kikuu, imepigwa na theluji nzito, na jana jioni wingu lilipofunguka kidogo weupe ulionekana umeshuka hadi Mawenzi, kilele cha pili. Tarehe zetu hazijafungwa. Tunaweza kuingia getini keshokutwa, au tukasogeza hadi wiki ijayo.

Naomba kujua: tukichelewa tutaikuta imeisha? Tukiwahi, hatari ni ipi hasa, maana kila tunayemuuliza anasema "subirini kwanza" halafu haelezi kwa nini? Siku tano zinatosha au tuweke sita? Na vifaa gani vinaongezeka? Tuliyeongea naye anasema buti na jaketi zito vinatosha.

Njia_ya_Marangu

Dada Nasra, karibu. Siku ya kuhesabu siyo ile mtakayoingia getini, ni ule usiku wa kupanda kilele. Kwa Marangu ya siku tano mnapanda usiku wa kuamkia siku ya nne, kwa siku sita ni wa kuamkia siku ya tano. Mkianza keshokutwa, mnafika Gilman's, pale njia inapogusa ukingo wa kreta, siku tano au sita kuanzia leo, na hii theluji mnayoiona sasa itakuwa imeshageuka kitu kingine kabisa. Kwa hiyo swali la "tuwahi au tuchelewe" lipime kwa hali ya theluji itakavyokuwa usiku huo.

Theluji ya siku ya kwanza ni laini na nyepesi, inapendeza kwa picha, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa ule mteremko wa juu ya Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Chini yake kuna changarawe ya volkano ambayo hata ikiwa kavu inateleza. Theluji mpya inaifunika, inaficha mawe, inafuta zile kona za njia. Mguu unazama hadi kwenye kifundo, pengine hadi goti, na ukiuinua changarawe inakurudisha nusu hatua. Anayetangulia kufungua njia anachoka mapema, na wa nyuma wanasimama kumsubiri huku jasho likipoa mwilini. Yote haya mnayafanya mahali ambapo kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni mnayoipata pwani. Ndiyo sababu watu wanawaambia msubiri.

Siku ya pili na ya tatu baada ya anga kufunguka mambo yanabadilika. Mchana jua letu la ikweta linapiga kwa wima na kuyeyusha tabaka la juu, usiku baridi inaligandisha. Vikundi vilivyotangulia vimeshakanyaga, nyayo zao zimeganda na kuwa ngazi. Kati ya saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri ngazi hizo ni ngumu na buti linashika. Huo ndio wakati wa kuwa juu ya mteremko. Theluji bado ipo ya kutosha pande zote za njia, na huzami.

Mkisubiri mpaka siku ya sita au ya saba bila theluji mpya kuanguka, ile njia iliyokanyagwa inakuwa barafu tupu inayong'aa kama sahani. Kupanda kunawezekana. Kushuka ndiko watu wanakoangukia, hasa wakiwa wamechoka na magoti yanatetemeka.

Halafu kuna kipande ambacho wengi hawakizungumzii, kutoka Gilman's kwenda Stella Point, mkielekea kileleni. Njia inafuata ukingo wa kreta, na pakiwa na theluji inabaki mkato mwembamba ubavuni mwa mteremko. Theluji ikiwa laini siyo tatizo. Ikiwa imeganda, mtu akiteleza hana cha kumsimamisha mpaka chini ndani ya kreta. Pale mnatembea mmoja mmoja, fimbo moja upande wa mlima, hakuna kupishana kwa haraka. Wanaorudi wakikutana na wanaokwenda, kundi moja lisimame upande wa mlimani mpaka la pili lipite.

Muda wenyewe: wakati wa kawaida vikundi vinatoka Kibo Hut saa sita usiku. Kukiwa na theluji tokeni saa tano. Pango la Hans Meyer, takribani mita 5,150, mlipite kabla ya saa tisa usiku. Kundi linalofika pale saa tisa na nusu au zaidi halina mwendo wa kufika Uhuru, kilele chenyewe, na kurudi salama. Gilman's (mita 5,685) iwe saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Mkiifikia baada ya saa mbili, piga picha, geuka. Kutoka hapo hadi Uhuru ni saa moja na nusu hadi mbili kwenye njia kavu, na kwenye theluji ongeza angalau nusu saa, halafu kuna kurudi. Mteremko wa Kibo Hut unatazama mashariki, jua linaupata mapema kuliko sehemu nyingine, na ikifika saa nne asubuhi zile ngazi zimelainika na kuwa uji. Ukifika Gilman's unapata cheti cha Gilman's, na theluji mnayoitafuta ipo pale pale.

Siku tano usizifikirie. Wekeni sita, na ile siku ya ziada ikae Horombo, kambi iliyo chini ya Kibo Hut, mita 3,720. Inafanya kazi mbili: mwili unazoea, na mnaipa njia ya juu usiku mmoja zaidi wa kuganda na kukanyagwa. Kusubiri Kibo Hut ni kosa. Pale mita 4,720 hamlali vizuri, hamli, na kila saa mnayokaa inawapunguzia nguvu. Kibali kinalipiwa kwa idadi ya siku, kwa hiyo siku hiyo iingie kwenye malipo tangu mwanzo.

Anga_la_Kibo

Niongeze upande wa hali ya hewa, maana yote aliyosema ndugu hapo juu yanategemea anga kufunguka. Siku mbili za jua kali zina thamani kuliko wiki nzima ya mawingu, kwa sababu chini ya wingu theluji haiyeyuki juu wala haigandi vizuri usiku, inabaki ile ile laini na inaongezewa nyingine.

Tumieni Mawenzi kama kipimo. Ukitazama kutoka Moshi iko kulia kwa Kibo, urefu wake mita 5,149. Kuta zake ni mwamba wa wima, theluji haikai sana pale. Mawenzi ikiwa nyeupe na lile tandiko la katikati ya vilele viwili nalo jeupe, theluji imeshuka hadi kama mita 4,300, na njia yenu ya kutoka Horombo kwenda Kibo Hut inapita hapo hapo. Tandiko likirudi kuwa kahawia wakati Kibo bado nyeupe, anzeni kufunga mizigo. Mawenzi ikirudi nyeusi kabisa, theluji ya kwenye njia nayo inakaribia kukatika vipande vipande hadi karibu na ukingo wa kreta. Tazameni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na tena magharibi. Mchana wingu la msituni limeshapanda na hamtaona kitu.

Ila kutoka Arusha na Moshi mnaona upande wa kusini na magharibi tu. Kuona upande wa kaskazini na mashariki tumieni picha za setilaiti. Za MODIS za NASA zinatoka kila siku na ni bure, zinaonesha weupe wa jumla. Za Sentinel-2 zinakuja kila baada ya siku chache, lakini zina ukali wa mita 10, mnaona hadi mpaka wa theluji ulipoishia. Msichanganye wingu na theluji: linganisheni picha za siku mbili mfululizo, kisichohama ni theluji.

Kwenye utabiri msisome halijoto ya Moshi. Tafuteni utabiri wa kilele, na angalieni vitu vitatu: milimita za mvua kwa siku nne zijazo, urefu ambao nyuzi sifuri inaanzia, na upepo. Nyuzi sifuri kwetu kawaida inacheza kwenye mita 4,500 hadi 5,000. Upepo ndio unaowashinda watu. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 21 chini ya sifuri. Upepo ukitabiriwa kuzidi hapo, tumieni ile siku ya Horombo.

Na mwezi. Mkiweza kupanga usiku wa kilele uangukie karibu na mwezi mpevu, theluji inaakisi mwanga kiasi kwamba mnaona njia nzima mpaka juu. Hilo linasaidia kweli, maana tochi peke yake kwenye theluji mpya inakuonesha weupe mtupu bila kina.

Jambo moja la kuongezea: siyo theluji yote inayoisha kwa kuwa maji. Kule juu hewa ni kavu sana, sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja. Ndiyo maana mnaweza kukuta imepungua wakati njia haina hata tope.

Mwana_wa_Kilema

Mchango mzuri, lakini hakuna aliyewataja wagumu, yaani wapagazi. Watu sita wanabebewa na watu kumi na tano au zaidi, na theluji ikishuka hadi tandikoni, mgumu ndiye anayeivuka akiwa na mzigo kichwani. Kikomo cha mzigo wa kubeba ni kilo 20. Hema, mkoba wa nguo au gunia likilowa linaongezeka uzito, kwa hiyo mzigo uliopimwa getini kilo 20 unaweza kuvuka kikomo ukifika Horombo. Pakieni pungufu tangu mwanzo, na kila kitu kiwe ndani ya mfuko mkubwa mgumu usiopitisha maji.

Dada, kabla hujalipa, omba kuona viatu. Siyo vya guide, vya wagumu watakaofika Kibo. Raba zilizochanika hazifai kwenye theluji. Uliza pia kama wana miwani ya jua na glovu. Kampuni inayojua kazi yake haitakasirika kuulizwa.

Suala la maji: Kibo Hut hakuna chemchemi. Maji yanabebwa kutoka chini, chanzo cha mwisho kiko juu kidogo ya Horombo. Kuna wanaofikiri theluji ikiwepo basi maji yapo. Theluji mpya ni hewa tupu: ndoo ya lita 20 inatoa kama lita mbili za maji, na gesi inayoisha kuyeyusha ni nyingi kuliko ya kupikia ubwabwa. Ikibidi kuyeyusha, weka kwanza kikombe cha maji chini ya sufuria, ongeza theluji kidogo kidogo. Ukiijaza kavu, sufuria inaungua chini na maji yananuka moshi. Chota mbali na njia na mbali na vyoo, kisha chemsha. Lakini panga kubeba.

Mangi_Msafiri

Mimi naona tunawatisha. Kibo siyo Alps, mteremko wa Marangu hauhitaji meno ya chuma. Fimbo mbili na buti zuri zinatosha. Na kama wana wasiwasi si waende Rongai tu, upande wa kaskazini ni mkavu?

Njia_ya_Marangu

Mangi, kwa theluji laini nakubaliana na wewe, fimbo na buti zinatosha. Lakini hawajui watakuta ipi. Ile minyororo yenye meno mafupi inayovalishwa juu ya buti kwa mpira ina uzito wa chini ya nusu kilo kwa jozi na inakodishwa Moshi mjini. Inavaliwa mahali pawili tu: kipande cha Gilman's hadi Uhuru kikiwa kimeganda, na wakati wa kushuka kabla jua halijalainisha. Usiivae kwenye changarawe tupu au mwamba, inapinda na inakukwaza. Ijaribuni mkiwa mmevaa buti na glovu huko huko dukani. Mpira ukiwa mfupi utachomoka usiku, na kuurudisha kwa vidole vilivyokufa ganzi ni kazi.

Rongai ni kweli inapata mvua na theluji kidogo kuliko kusini. Lakini kwa usiku wa kilele haisaidii sana, kwa sababu vikundi vyake vingi vinafikia Kibo Hut au School Hut na kuingia kwenye mteremko ule ule wa Gilman's. Faida yake iko chini, kwenye siku za mwanzo.

Vifaa vingine, Dada Nasra. Geita za kufunika kuanzia kamba za buti hadi chini ya goti, bila hizo theluji inaingia kwenye soksi na vidole vinaanza kuganda ndani ya saa moja. Glovu jozi mbili, nyembamba ndani na nzito isiyopitisha maji nje, na jozi ya akiba mkobani maana mtu akidondosha glovu usiku pale hairudi. Fimbo ziwe na vile vikapu vipana mwishoni, la sivyo zinazama. Betri za tochi zikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Maji lita tatu, yawe ya moto, chupa igeuzwe kichwa chini ndani ya soksi, kwa sababu maji yanaanza kuganda juu na mdomo ukiwa chini hauzibi. Mrija wa mkoba wa maji msiutegemee juu ya mita 5,000.

Buti za mtumba za soko la Memorial, Moshi, zinaweza kuwa nzuri sana au zikawaumiza. Zile zilizokaa stoo miaka mingi, povu la katikati ya soli linaoza bila kuonekana. Likunje buti kwa nguvu, libonyeze ubavuni kwa ukucha. Ukiona nyufa ndogo au povu linabonyea bila kurudi, liache. Soli hiyo inabanduka kwenye baridi, kawaida wakati wa kushuka. Jaketi na suruali za Memorial hazina shida, mradi zipu iteleze ukiwa umevaa glovu.

Nasra_Sakina

Asanteni sana, sasa naelewa "subirini" ina maana gani. Maswali mawili ya mwisho. Mwenzetu mmoja anasema tungepita Western Breach, ile njia ya upande wa magharibi wa Kibo, ndiyo yenye theluji nzuri zaidi. Na macho: kwani miwani ni lazima hata kwetu sisi weusi?

Njia_ya_Marangu

Western Breach baada ya theluji nzito, hapana. Mawe ya pale yameshikwa na barafu. Theluji ikiyeyuka mchana maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanua, kesho yake jua likipiga mawe yanaachia. Januari 2006 maporomoko ya mawe yaliua wapandaji watatu kutoka Marekani upande ule, na hata siku za kawaida kikundi kinatakiwa kiwe kimeshapita kabla jua halijafika. Mwambie mwenzako kwamba kwenye ukingo wa kreta atapata theluji ya kutosha kulala chali.

Tabibu_wa_Mlimani

Hilo la macho nalijibu mimi. Ngozi nyeusi inapunguza kuungua kwa ngozi kwa kiasi, haikingi jicho hata kidogo. Mionzi mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inairudisha hadi asilimia 80 kutoka chini. Kofia haisaidii kwa mwanga unaotoka miguuni. Miwani iwe ya daraja la 3 au la 4, iliyoziba ubavuni. Miwani nyeusi ya urembo isiyo na kinga ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu mboni inatanuka gizani na kupokea mionzi zaidi. Vaeni jua linapochomoza, msisubiri mpaka macho yaume.

Kinachowadanganya watu ni kuchelewa kwa maumivu. Jicho linaungua saa tatu asubuhi, linaanza kuuma baada ya saa sita hadi kumi na mbili kupita, mmeshafika Horombo: linatoa machozi, unahisi mchanga, huwezi kutazama taa. Asisugue. Atoe lenzi kama anavaa, akae gizani, kitambaa cha maji baridi juu ya kope, apewe dawa ya maumivu ya kumeza. Kwa kawaida linapona ndani ya siku moja hadi mbili. Miwani ikivunjika njiani, kata kipande cha katoni, toboa mchirizi mwembamba mbele ya kila jicho, kifunge kwa kamba. Mafuta ya kukinga jua pakeni hadi chini ya kidevu, chini ya pua na kwenye midomo.

Vidole: vikiuma kwa baridi, bado vizima. Vikiacha kuuma, vikapauka na kuwa vigumu kama nta, hapo kuna jambo. Viweke kwapani au tumboni kwa mwenzako, msivisugue na hasa msivisugue kwa theluji. Kama mtu bado atatembea kwenye baridi ile ile, msiviyeyushe njiani, maana kuyeyuka kisha kuganda tena kunaharibu zaidi. Mshusheni, na kambini tumieni maji ya nyuzi 37 hadi 39, aliyepima awe mtu mwenye mkono mzima.

Na kwa kuwa theluji inawaweka juu kwa saa nyingi zaidi, mpimeni kila mtu mkifika Gilman's: atembee hatua kumi, kisigino mbele ya kidole. Anayeyumba, au anayejibu maswali kwa kuchelewa, anashuka saa hiyo hiyo na guide msaidizi, hata kama Uhuru inaonekana. Kwa hiyo hakikisheni kundi la watu sita lina guide zaidi ya mmoja. Wakiwa wawili, basi akishuka mmoja na mgonjwa, wote waliobaki wanakwenda pamoja au wanarudi pamoja.

Anga_la_Kibo

Dada Nasra, kwa picha ya leo asubuhi tandiko bado jeupe na wingu limeshikilia. Keshokutwa msiingie. Anzeni kuhesabu siku ile mtakayoona Kibo wazi asubuhi mbili mfululizo. Asubuhi ya pili lipieni, asubuhi ya tatu muwe geti la Marangu kabla ya saa nne. Kwa hesabu hiyo kilele kitaangukia kama siku ya saba, kwa hiyo ile minyororo ya buti msiiache.

Mwana_wa_Kilema

Na mkipita Himo asubuhi hiyo, simamisheni gari mtazame tandiko kwa mara ya mwisho. Kama limefunikwa weupe upya usiku, mna ile siku ya Horombo. Mwambieni guide hapo hapo getini kwamba mtaitumia, ili mpishi apange chakula na gesi kabla wagumu hawajapima mizigo.